Springi ikikatika, tazama kwanza pale inapokaa

Springi ya gari mara nyingi hukatika pale jicho lisipofika. Haikatiki katikati, ambako mtu akiinama kando ya tairi angeliona pengo. Hukatika kwenye pete ya mwisho ya chini, ndani ya ile sahani iliyochomelewa kwenye shokapu, panapojaa mchanga, tope na maji. Ndiyo maana gari linaweza kutembea wiki kadhaa likiwa na ncha kali ya chuma imelala sentimita chache kutoka ubavu wa tairi, huku dereva akiamini kinachogonga ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na nondo ya kupunguza gari kulala kwenye kona.

Hapa nazungumzia koili springi, yaani zile za waya uliozungushwa pete pete, hasa za mbele kwenye mfumo ambao springi imevalishwa juu ya shokapu. Magari madogo mengi yako hivyo. Mfumo huo unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford Consul iliyoanza mwaka 1950 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa nao. Unaokoa nafasi na uzito, lakini unaiweka sahani ya springi jirani kabisa na tairi. Springi ikikatika hapo, wa kwanza kuumia ni jirani huyo.

Kwa nini inakatika

Waya wa springi ya gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hadi 15 hivi. Gurudumu linapopanda tuta, waya huo haupindwi kama wengi wanavyodhani. Unanyongwa, kama mtu anavyokamua nguo iliyolowa. Mkazo ni mkubwa zaidi kwenye uso wa waya, na upande wa ndani wa pete kuliko wa nje. Kiwandani uso huo hupigwa kwa punje ndogo za chuma ili ukazike na ufa usipate pa kuanzia, kisha hupakwa rangi nzito. Rangi hiyo si urembo. Ndiyo inayoilinda springi, na ikishatoboka kazi iliyofanywa kiwandani huanza kuharibika.

Jiwe likirushwa na tairi, rangi inabanduka. Mchanga ukikaa kwenye sahani, pete ya mwisho inausaga kila gari linapotikisika, na rangi inakwanguliwa kama kwa msasa. Maji yanaingia, kutu inachimba kishimo, na kishimo kisichofika hata milimita moja kinatosha kuanzisha ufa. Chuma cha springi ni kigumu sana, na ugumu huohuo ndio unaokifanya kisivumilie mkwaruzo. Chuma laini kingepinda, hiki hupasuka. Springi za magari ya siku hizi hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu zaidi na waya mwembamba zaidi ili kupunguza uzito, hivyo mkwaruzo mdogo una madhara makubwa zaidi kuliko ulivyokuwa kwenye springi nene za zamani.

Wapo wasaidizi wengine wa uharibifu. Shokapu iliyokufa huiacha springi icheze mara nyingi zaidi kwa kila tuta, na kila mchezo ni hatua moja mbele kwa ufa. Raba ya kuzuia, ile inayovalishwa kwenye fimbo ya shokapu ili gari lisigonge chini kabisa, ikishamomonyoka, pete za springi zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kutiana alama. Mzigo uliozidi hufanya hivyo hivyo.

Ukishapata kipande kilichokatika, usikitupe. Kifute, kiangalie kwenye mwanga. Uso wa mkato huwa umekatika kwa mshazari, na mara nyingi una rangi mbili: sehemu nyeusi au ya kahawia, ambayo ni ufa wa zamani uliokwisha kuingiwa na maji, na sehemu ya kijivu inayometameta, ambayo ndiyo iliyoachia siku ya mwisho. Tafuta ile sehemu nyeusi ilianzia wapi. Ikianzia kwenye shimo la kutu upande uliokuwa umelala kwenye sahani, sahani ndiyo chanzo. Ikianzia kwenye alama ya kugongana na pete nyingine, angalia raba ya kuzuia, shokapu na mizigo unayobeba. Ikianzia kwenye alama za meno ya plaizi au ya kibano, aliyeifunga mara ya mwisho ndiye aliyeiua. Springi mpya ikirudishwa pale pale bila chanzo kuondolewa, itakufa kifo kilekile.

Dalili, na namna ya kuhakikisha

Dalili iliyo wazi zaidi ni sauti ya "tang" unapozungusha usukani gari likiwa limesimama au likienda polepole sana. Kwenye mfumo huu springi huzunguka pamoja na gurudumu. Ncha iliyokatika inakwama kwenye sahani, springi inajinyonga, halafu inaachia ghafla. Unaweza kuihisi mpaka kwenye mikono. Beringi ya juu ya shokapu ikikwama hutoa sauti inayofanana, kwa hiyo sauti peke yake haitoshi kuhukumu, ila inatosha kukufanya uchukue tochi.

Dalili nyingine ni mlio wa kugonga kwenye mashimo madogo kwa mwendo mdogo, gari kulalia kona moja, tairi kuliwa upande mmoja, au kishindo kimoja kikubwa gari likiwa limeegeshwa bila mtu. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, lakini springi hubeba uzito muda wote, hata gari likilala, na ufa uliofikia ukingoni hausubiri tuta.

Shokapu iliyochoka na springi iliyokatika ni magonjwa mawili tofauti. Springi hubeba uzito. Shokapu hutuliza mchezo. Gari likiyumbayumba mara tatu nne baada ya tuta, shaka shokapu. Gari likiwa limeshuka kona moja, shaka springi. Mtu akikuambia gari limelala upande kwa sababu shokapu imevuja mafuta, mwombe aangalie tena.

Kupima kimo kunachukua dakika kumi. Egesha pale sakafu ilipo sawa, jaza upepo sawasawa kwenye matairi yote, toa mizigo. Bonyeza kila kona mara tatu nne ili gari likae. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake moja kwa moja. Usipime kutoka chini, kwa sababu tofauti ya tairi itakudanganya. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli hiyohiyo. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida. Ikifika milimita 10 chunguza, na ikipita 15 kuna kitu kimekatika au kimelegea. Usishangae ukiona kona ya nyuma iliyo mkabala imepanda kidogo: bodi ni ngumu, ikilala huku inanyanyuka kule.

Tahadhari, pete ya mwisho inapokatika kimo kinaweza kubadilika kidogo tu, kwa sababu kipande kile kilikuwa kimelala kwenye sahani na hakikuwa kinafanya kazi ya kunesa. Gari linashuka kwa unene wa waya tu, pengine sentimita moja. Kwa hiyo kipimo kizuri hakikuondolei wajibu wa kuangalia. Kata usukani hadi mwisho, ingiza tochi na kioo kidogo nyuma ya gurudumu, fuata waya kwa macho kutoka juu hadi ncha yake ya chini. Ncha ya kiwandani imekatwa vizuri na imepakwa rangi, nayo imeegemea kikomo cha sahani. Ukiona ncha yenye kutu, ya mshazari, au kikomo kikiwa wazi bila kitu, umeshapata jibu. Usiingize vidole kati ya pete kutafuta mkato.

Je, naweza kuliendesha hadi gereji? Jibu langu ni hapana, libebwe. Springi iliyokatika haitabiriki: leo imekaa, kesho imeteleza nje ya sahani na ncha imechoma tairi, na tairi la mbele likipasuka kwenye mwendo usukani unaweza usikutii. Kwenye magari ambayo springi ya nyuma imesimama peke yake bila shokapu ndani, kipande kinaweza hata kuchomoka na kuanguka barabarani.

Kununua springi

Nunua mbili. Iliyobaki nzima ina umri uleule, imepita barabara zilezile na imelala kwenye tope lilelile. Ukibadilisha moja, mpya itasimama juu na ya zamani itakaa chini, gari litavuta upande mmoja, na baada ya muda utarudi kulipa kazi ileile mara ya pili. Za nyuma, kama ni nzima na kimo chake kiko sawa, ziache.

Usikubali maneno "hii inafanana". Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya ukizidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 13 badala ya 12, tofauti ambayo jicho halioni, huifanya springi iwe ngumu zaidi kwa asilimia 38 hivi, vipimo vingine vikiwa vilevile. Chukua namba ya spea kwa kutumia namba ya chasisi, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na springi kadhaa tofauti kufuatana na injini, giaboksi, hata kiyoyozi. Madoa ya rangi kwenye pete nayo yana maana. Ni alama za daraja la springi. Magari mengine yana springi tofauti ya kushoto na ya kulia. Dukani, zisimamishe mbili pamoja na ile ya zamani nzima: hesabu pete, pima waya, angalia kipenyo na umbo la ncha zote mbili. Urefu unaweza kupishana kidogo kwa sababu ya zamani imechoka, lakini idadi ya pete haipungui kwa uchovu.

Springi iliyokwisha tumika siipendekezi hata ikiwa inang'aa. Ufa hauonekani kwa macho, na rangi mpya iliyopulizwa juu ya kutu huuficha zaidi. Ukilazimika, ikatae yoyote yenye vishimo kwenye pete ya chini au alama za meno ya chuma.

Pamoja na springi, andaa raba za kukalia za juu na chini, raba ya kuzuia, kava la vumbi, beringi ya juu na maunti, yaani kikalio kinachoishika shokapu kwenye bodi kwa juu. Vitu hivi vyote hufunguliwa kwa kazi hiyohiyo moja. Nati za kujifunga zinazotakiwa kubadilishwa kila zikifunguliwa, nazo zinunuliwe mpya.

Kufungua

Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, kinga magurudumu ya nyuma yasibingirike, nyanyua kwa jeki, weka stendi kwenye sehemu zilizoainishwa, kisha toa tairi. Jeki peke yake haishikilii gari ambalo mtu ameingiza mikono chini yake. Kama kipande kilichokatika kimelegea, kinaweza kuanguka gurudumu linaponing'inia, basi kaa mbali kidogo unaponyanyua.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, safisha kwa brashi ya waya na upake mafuta ya kulainishia kutu, uyape muda. Kisha chora kwa rangi mahali shokapu ilipokutana na kifundo kinachoshika habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kama bolti ya juu ni ile yenye kichwa cha kurekebishia, chora na kichwa chake pia. Mchoro huo hauondoi haja ya alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, lakini unakurudisha karibu.

Fungua vishikio vya paipu ya breki na vya waya wa sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki) vilivyofungwa kwenye shokapu. Ukisahau waya huo, utakatika. Fungua stabilaiza linki. Pini yake huzunguka pamoja na nati, kwa hiyo shika katikati kwa ufunguo wa pembe sita, mara nyingi wa milimita 5 au 6. Bolti mbili kubwa za chini, kwa kawaida za spana 17 au 19, baadhi zina meno shingoni: zungusha nati, usizungushe bolti, vinginevyo utaliharibu tundu. Kabla hazijatoka, tegemeza kifundo kwa jeki ya pili au kamba. Kikianguka nje bila kushikwa, shafti inayozungusha gurudumu inavutwa kutoka kwenye jointi yake ya ndani na paipu ya breki inabeba uzito ambao haikutengenezewa.

Juu, chini ya boneti au chini ya kava la wipa, mara nyingi kuna nati tatu ndogo zinazoshika maunti, na moja kubwa katikati. Fungua zile tatu. Ile ya katikati usiiguse. Narudia kwa sababu watu wameumia hapa: springi iliyovalishwa kwenye shokapu bado imebanwa hata gurudumu likiwa linaning'inia, na nati ya katikati ndiyo pekee inayoizuia. Hata kuilegeza robo mzunguko "ili iwe rahisi baadaye" subiri mpaka springi ibanwe.

Kuibana

Hii ndiyo sehemu inayoua. Chukua springi ya gari dogo inayohitaji kilo mbili na nusu hivi kuibonyeza milimita moja. Ukiibana sentimita 15 umefungia ndani yake nguvu ya karibu kilo 380, na inangoja kosa moja tu.

Ushauri wangu kwa mwenye gari anayejifanyia kazi: vua shokapu yote na springi yake, uibebe hadi gereji yenye mashine ya kubania springi ya kusimama au ya ukutani, wakubadilishie, urudi ufunge mwenyewe. Vibano vile vya skrubu viwili viwili vinafanya kazi, lakini vinadai utaratibu. Viwe viwili, vikabiliane sawasawa, kimoja huku na kingine upande wa pili. Kila kimoja kishike pete nyingi iwezekanavyo, nne au zaidi. Paka grisi kwenye skrubu. Kaza kwa mkono, mizunguko michache upande mmoja, halafu upande wa pili, ili springi isipinde kama ndizi. Ikianza kupinda, rudisha, panga upya. Bunduki ya upepo haifai hapa, inaichosha skrubu na haikupi nafasi ya kusikia kibano kikiteleza. Weka kitambaa kigumu au kipande cha mpira kati ya ndoano na waya, kwa sababu mkwaruzo wa leo ni mkato wa kesho. Na mwili wako ukae pembeni, kamwe usikae kwenye mstari wa ncha ya juu au ya chini.

Springi iliyokatika ina ugumu wake wa ziada. Ndoano ya chini isishike pete iliyokatika wala inayoelekea kwenye mkato, maana ncha huru huzunguka na kuiponyoka ndoano. Shika pete nzima ya juu yake. Kama mkato uko katikati kiasi kwamba hazibaki pete za kutosha juu na chini, vibano vya mkono viweke kando. Hiyo ni kazi ya mashine. Na usijiambie kwamba kwa kuwa imekatika basi imelegea. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine kipande cha chini kimejipachika juu ya chenzake na nguvu yote ipo.

Springi ikishaachana na maunti, ikicheza kwa mkono, ndipo fungua nati ya katikati huku ukishika fimbo kwa ufunguo wa pembe sita. Usiishike fimbo ya shokapu kwa plaizi. Uso wake laini hupita kwenye sili kila sekunde, na mkwaruzo mmoja unatosha kuichana na kumwaga mafuta.

Sahani

Hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi nzuri. Springi ya zamani imetoka, mpya iko mezani, na sahani ina udongo mgumu kama saruji. Ng'oa raba ya zamani, kwangua udongo wote, piga brashi ya waya hadi chuma kionekane. Tafuta tundu la kutolea maji. Kwenye sahani nyingi lipo, na karibu kila mara limeziba. Lizibue. Gonga sahani nzima kwa nyundo ndogo: sauti kavu au mahali panapobonyea ni ishara kwamba chuma kimeliwa. Sahani iliyoliwa haipigwi welding, kwa sababu joto huingia kwenye bomba la shokapu na kuharibu mafuta na sili zilizo ndani. Nunua shokapu, mbili.

Sahani nzima ipake rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya juu, iache ikauke, halafu weka raba mpya. Kama gari halikuja na raba ya chini, usibuni yako kwa kukata tairi la zamani. Raba isiyolingana hushika maji na kubadilisha pembe ya springi.

Wakati huo huo jaribu shokapu. Ibonyeze hadi chini kwa mwendo wa taratibu na uivute hadi juu: iwe na ukinzani sawa njia nzima, bila sehemu tupu. Mafuta yaliyolowanisha bomba ni hukumu. Beringi izungushe kwa vidole. Ikikwaruza au kukwama, ibadilishe, na uangalie uso upi ulikuwa juu kabla hujaitoa. Shokapu mpya ya mirija miwili isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mara nne au tano ili hewa itoke kwenye mafuta kabla ya kuifunga.

Kurudisha

Angalia springi ina juu na chini. Mara nyingi maandishi husomeka yakiwa wima, na umbo la ncha hulingana na sahani. Zungusha mpaka ncha ya chini iguse kikomo cha sahani au ibaki milimita chache tu. Ikipanda juu ya kikomo, gari litasimama juu upande huo na springi itakatika hapohapo. Ikibaki mbali, itazunguka yenyewe ukikata usukani na kukutia wasiwasi kwa sauti uliyodhani umeimaliza. Panga na maunti pia. Nyingi zina alama au mshale.

Kaza nati ya katikati kabla ya kulegeza vibano, na ulegeze kwa zamu kama ulivyokaza. Springi inaporudi, tazama ncha zote mbili bado ziko mahali pake. Ikiwa imehama, bana tena. Ni dakika tano za kuchosha, zilipe.

Nguvu ya kukazia ichukuliwe kwenye kitabu cha gari lenyewe, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kwa kukupa picha, nati tatu za juu huwa ndogo na hazihitaji nguvu kubwa, huku bolti za chini mara nyingi zikipita Nm (nyutonimita) 100. Anayezikaza zote kwa nguvu moja huvunja za juu au huziacha za chini zikiwa legevu. Nati za gurudumu zikazwe kwa mshazari, gari likiwa limegusa chini.

Springi ya nyuma kwenye ekseli ya mhimili, ambapo mhimili mmoja unaunganisha magurudumu yote mawili, ni rahisi zaidi: tegemeza mhimili kwa jeki, fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, shusha taratibu hadi springi ilegee, huku ukitazama paipu za breki zisivutike. Kwenye magari ambayo springi ya nyuma imekalia mkono wa chini unaoshushwa kwa jeki, pitisha mnyororo ndani ya springi ufungwe kwenye bodi, maana ikiruka inaruka kando. Bushi za raba nazo zina sharti lake: bolti zake zikazwe mwisho kabisa, uzito wa gari ukiwa umekaa kwenye gurudumu. Ukizikaza mkono ukiwa unaning'inia, raba inabaki imenyongwa muda wote gari likiwa chini, inaweza kulishikilia gari juu kwa siku chache, halafu inachanika.

Njia za mkato ambazo nazikataa

Kuchomelea springi iliyokatika: joto huondoa ugumu uliopatikana kiwandani, na itakatika kando ya welding. Kukata pete ili gari lishuke au ili zilingane: springi yenye pete 6 zinazofanya kazi ikibaki na 5 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ncha iliyokatwa haina tena umbo la kukaa kwenye sahani. Kuingiza raba kati ya pete ili kuinua kona iliyolala: zile pete mbili zinaacha kunesa, mzigo wake unahamia kwa zilizobaki, na chini ya raba maji yanajificha.

Baada ya kazi

Alaimenti ni lazima. Matundu ya bolti za chini yana nafasi kidogo, na kuhama kidogo pale kunabadilisha mlalo wa gurudumu kiasi cha kula tairi. Kwenye magari yenye sensa ya usukani, mwambie fundi wa alaimenti airekebishe pia. Elekeza taa za mbele upya ukiona zimepanda, kwa sababu gari lililokuwa limelala sasa limesimama.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 pitia tena nati zote kwa spana ya torki, ikiwemo stabilaiza linki. Kisha pima kimo cha kona zote nne, uandike namba hizo pamoja na tarehe kwenye karatasi ya kuhifadhi ndani ya gari. Siku nyingine ukisikia "tang" hutakuwa na haja ya kukumbuka gari lilivyokuwa limesimama. Utachukua futi na kulinganisha.